Kahawia Kabla ya Moto

Jumanne, kipindi cha kwanza baada ya uji,
nilichora grafu ya safari mbili, Kiborloni hadi Mbuyuni:
toroli la ndizi lililotoka saa kumi na mbili
na bodaboda aliyechelewa kuamka.
Toroli nililipa nyekundu, bodaboda kijani,
chaki mpya, za hela yangu mwenyewe,
nikasogea kando kama mpishi aliyefunua sufuria.
"Nani kampita nani, na wapi?"

Mikono ikapanda. Wa Ndekirwa ulibaki juu ya dawati.
Nikamwita kwa jina, kwa ile sauti
ambayo sisi walimu hudhani ni ya upole.
Akasimama. "Mwalimu, naona wamekutana.
Ila sijui ni nani na nani."

Darasa likacheka. Nami, Mungu anisamehe,
nilitabasamu nao kidogo
kabla sijauliza: "Mistari ina rangi gani?"
"Kahawia," akasema.
"Yote miwili."

Jioni alinisimulia, amenibebea madaftari hadi ofisini:
kihamba cha bibi yake kule Uru, msimu wa kuchuma,
debe lake siku zote lina buni mbichi kati ya mbivu
na siku zote fimbo.
Mvivu, walimwita. Kisha mkaidi.
Kisha wakazoea kumpa kazi ya kubeba.
Akajifunza kuzibinya moja moja; iliyoiva hulegea kidoleni.
"Ila inachukua muda, Mwalimu. Wenzangu wanajaza debe,
mimi bado napeana mikono na matunda."

Miaka kumi na minne nafundisha
jinsi mwanga unavyopinda ndani ya mche wa kioo.
Rangi saba nazitaja kwa mpangilio hata usingizini.
Sikuwahi kuuliza
zinafika kwa nani.

Usiku, Pasua, nimemwaga chaki na kalamu juu ya meza ya kulia.
Mume wangu anauliza kama nimehamishiwa chekechea.
Kijani, kutoka kwenye jani. Manjano, bizari ya jikoni.
Chungwa ni chungwa, kijivu ni majivu;
lugha yetu haikuumba rangi, ilizunguka shamba na meko ikaazima.
Na kahawia ni kahawa iliyokwisha kupita motoni.
Kwake Ndekirwa tu
tunda huwa hivyo lingali mtini.

Bluu kwenye ubao mweusi huzama kama sindano ndooni.
Manjano husimama ikaonekana hadi dawati la mwisho,
lakini ihamishie kwenye karatasi nyeupe, imetoroka,
na bluu iliyozama ndiyo sasa inayosema.
Kwa hiyo hakuna rangi njema peke yake.
Niliandika hivyo nyuma ya bahasha ya luku, nikaikata,
nikaiandika tena.

Asubuhi nikapita kwa Shose mwenye fotokopi, jirani na stendi.
"Nitolee nyeusi."
"Na hizi rangi zote, Mwalimu? Si hasara?"
Mashine yake haijui nyekundu, haijui kijani,
nayo ndiyo itakayozaa karatasi ya mtihani wa muhula.
Kilichotoka kikisomeka nilikiweka mkoba wa kulia.
Kilichotoka matope, pipani.

Alhamisi. Toroli: mstari mnene, wa manjano.
Bodaboda: mweupe, wa vipande vipande, kama mshono wa haraka.
Na mwishoni mwa kila mstari, kwa herufi kubwa, jina lake,
maana nani aliniambia jina ni aibu ya mchoro?

Ndekirwa hakunyoosha mkono. Aliongea tu,
macho bado ubaoni:
"Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kilomita mbili toka Kiborloni."
Ilikuwa sahihi. Nikageuka kufuta.
"Lakini Mwalimu,
walipokutana hapo,
huyo wa bodaboda hakumpokea mwenzake hata mkungu mmoja?"

Darasa likacheka,
na kicheko kimojawapo kilikuwa chake.